Chungu chekundu kilichovunjwa: jibu kuhusu vyombo vya ibada vya Misri ya kale

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Ninasoma huku Ulaya, na juzi niliingia jumba la makumbusho kuangalia vitu vya Misri ya kale. Karibu na mitungi ya alabasta inayong'aa palikuwa na kabati la vigae vyekundu vya udongo, vimeandikwa kwa wino mweusi. Maelezo yalisema ni vyombo vya ibada vilivyovunjwa makusudi. Bibi yangu kule Upareni alikuwa mfinyanzi, na kwake chungu kikivunjika ni hasara. Kwa nini mtu avunje chombo cha ibada? Na wataalamu wanajuaje kwamba chungu fulani kilikuwa cha ibada, si cha jikoni tu?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba ulisimama kwenye kabati lile, maana wageni wengi hulipita wakikimbilia dhahabu. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu la kwanza limejificha ndani yake.

Misri ya kale, kwa sehemu kubwa, haikuwa na mfinyanzi wa miungu na mfinyanzi wa mboga. Mikono ilikuwa ileile, udongo uleule, tanuri lilelile. Bakuli lililotolewa tanurini leo lingeweza kuishia jikoni kwa mtu, au kaburini likiwa na mkate, au mikononi mwa kuhani. Kilicholifanya liwe la ibada ni kile mkono ulichofanya nalo: kumimina, kuandika, kupaka mafuta, kuzika, kuvunja. Ndiyo maana sisi tunaosoma vigae hatuishii kuuliza chombo ni cha umbo gani. Tunauliza kilifanyiwa nini, mahali gani, na kiliachwaje. Kuvunja ni kimojawapo cha vitendo hivyo, na ni cha zamani sana.

Nenda kwanza Saqqara, eneo la makaburi ya kale karibu na Cairo, kwenye piramidi ya mfalme Unas, yapata mwaka 2350 KK. Kuta za vyumba vya ndani zimechongwa maneno ya mazishi kutoka juu hadi chini. Mahali pamoja marehemu anakabidhiwa kitu kinachoitwa jicho la Horus, mungu mwenye kichwa cha kozi, anaambiwa alishike mkononi apate nguvu na adui amwogope. Maneno hayo yakiisha, linafuata agizo fupi la kutendwa: vyungu vyekundu vivunjwe. Zaidi ya miaka 1000 baadaye, Horemheb, jemadari wa Tutankhamun ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme mwenyewe, alijijengea kaburi hapohapo Saqqara, na kwenye michoro ya ukutani utaona waombolezaji wakilia na vyungu vikivunjwa. Desturi iliyodumu muda wote huo haikuwa jambo la pembeni.

Kwa nini vyekundu? Wamisri waliiita ardhi yao kemet, nyeusi, kwa tope la mafuriko linalolisha watu. Jangwa waliliita deshret, nyekundu. Neno hilohilo la wekundu ndilo lililotaja vyungu hivi. Nyekundu ilikuwa rangi ya Seth, mungu wa vurugu aliyemuua ndugu yake Osiris, mungu wa wafu, na mwandishi alipolazimika kuandika jina la nyoka Apep, adui wa jua, mara nyingi alibadilisha wino mweusi akachukua mwekundu. Lakini usiharakishe kusema nyekundu ni mbaya na basi. Katika ibada ya Kufungua Kinywa, ambamo sanamu au maiti ilirudishiwa uwezo wa kula na kusema, kuhani alizunguka mara nne na mitungi minne iitwayo nemset akimimina maji ya utakaso, kisha akazunguka tena na mitungi minne myekundu. Chungu chekundu kilisafisha, na chungu chekundu kilivunjwa. Nguvu ni ileile, inategemea imeelekezwa wapi.

Kuhusu sababu ya kuvunja kwenye mazishi, wataalamu wana maelezo mawili. Wengine wanasema chombo kilichokwisha kutumika kwa marehemu hakipaswi kurudi kwa walio hai, kwa hiyo kinaharibiwa ili kibaki upande wake. Wengine wanautazama mlio: chungu kikipasuliwa kwa nguvu hushtua, na anayeshtuliwa hapo ni adui asiyeonekana. Mimi naona yote mawili yanakaa pamoja bila kugombana. Agizo la piramidi ya Unas linazungumzia hofu ya adui, hilo limeandikwa waziwazi. Na yeyote aliyewahi kuhudhuria msiba anajua kuna vitu vya marehemu ambavyo mtu hathubutu kuvirudisha kabatini.

Vigae ulivyoviona, vyenye maandishi meusi, kwa maelezo yako vinaelekea kuwa vya aina ya ukali zaidi. Hivi tunaviita vyombo vya laana. Mwandishi alichukua chungu au bakuli jekundu, akaandika juu yake majina ya maadui wa mfalme, kisha chombo kikavunjwa na vipande vikazikwa. Wa kwanza kuyatangaza maandishi haya kwa ukamilifu alikuwa Mjerumani Kurt Sethe, mwaka 1926, akisoma vigae vilivyokuwa vimenunuliwa Luxor na kupelekwa Berlin. Humo mna watawala wa Kush na nchi nyingine za Nubia, kusini mwa Misri, kila mmoja ametajwa pamoja na wazazi wake ili laana isikosee njia. Mna wakuu wa miji ya Asia, kama Ashkelon. Mna Walibya, na mna Wamisri wenyewe. Mwishoni linakuja neno la kuzoa kilichobaki: kila neno baya, kila njama mbaya, kila ndoto mbaya.

Hebu fikiria hilo la ndoto mbaya. Dola lenye majeshi na ngome, na bado mwandishi wake anaona ni lazima aiandike ndoto kwenye chungu ili ipasuliwe.

Lakini vigae vya Berlin vilitoka kwa wauzaji. Havikuwa na shimo, hapakuwa na udongo uliovizunguka wala vitu vilivyolala kando yake, kwa hiyo maneno yalisomeka ila kitendo hakikuonekana. Kitendo kilionekana Mirgissa, ngome ya Wamisri karibu na maporomoko ya pili ya Nile, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Mwaka 1962 Wafaransa wakiongozwa na Jean Vercoutter walikuwa wakichimba pale mbiombio, kabla maji ya bwawa kuu la Aswan hayajapanda kulifunika bonde. Karibu na ngome walikuta masalia ya ibada nzima ya enzi ya Ufalme wa Kati, yapata miaka 4000 iliyopita. Kulikuwa na vyombo vyekundu karibu 200 vyenye maandishi, vyote vimevunjwa, na vingine zaidi ya 400 visivyo na maandishi. Kulikuwa na mamia ya vinyago vya udongo, na sanamu 4 za mawe ya chokaa za mateka waliofungwa. Karibu na hapo fuvu la binadamu lilikuwa limewekwa kichwa chini juu ya kikombe kilichovunjika, na jirani yake kisu cha gumegume na mabaki ya nta iliyotiwa rangi nyekundu na kuyeyushwa. Mifupa ya mtu asiye na kichwa haikuwa mbali.

Sitalainisha jambo hili kwako. Inaonekana mtu alichinjwa pale, na chungu kilivunjwa kwa nia ileile. Udongo, nta na mwili vilitendewa jambo moja. Na kuna kitu kinachonigusa kila nikirudi kwenye orodha hizi: baadhi ya watawala wa mwanzo wa Kush tunawajua kwa majina kwa sababu tu adui zao waliyaandika kwenye vyungu wakitaka yapotee. Watu wa Nubia hawakuwa wameanza kuandika lugha yao. Vigae hivyo ndivyo vilivyobeba majina yao hadi kwetu.

Sasa, utajuaje kwamba chungu kilivunjwa makusudi, hakikumponyoka mtu? Bibi yako angelijibu swali hili haraka kuliko mimi. Chungu kinachoanguka jikoni hufagiliwa, vipande vikubwa huokotwa vikawa vya kuchukulia makaa au kufunikia mtungi, vidogo vikaenda jalalani. Ukija kuchimba jalala hilo baada ya miaka 4000 utapata theluthi ya chungu, labda robo. Chungu kilichovunjwa kwa ibada na kuzikwa palepale, vipande vyake vingi viko pamoja, na ukiwa na subira ya kuviunga hukirudisha chombo kikaribie kuwa kizima. Halafu kuna alama ya pigo. Panapogonga jiwe au rungu, udongo hubonyea na kumeguka kidogo, na nyufa hutoka hapo zikienda pande zote kama miale ya jua. Chombo kilichoanguka kwa kitako huanzia kupasuka kitakoni. Kilichopigwa hupasukia tumboni au begani, mahali ambapo hakingetangulia kugusa sakafu. Kigae kimoja hakitoshi kutoa hukumu. Lakini ukipata mia moja vimepasuliwa namna moja, mahali pamoja, ajali inakosa nafasi.

Kwa kuwa umemtaja bibi yako, nikae kidogo kwenye ufinyanzi wenyewe, maana bila huo mengine yote yanaelea hewani.

Mfinyanzi wa Misri alikuwa na udongo wa aina mbili kubwa. Wa kwanza ni tope la Nile. Sehemu kubwa ya tope hilo haikuzaliwa Misri: ilibebwa na mafuriko kutoka nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu na mto Atbara. Nile inayotoka kwetu, Ziwa Viktoria, huchangia maji lakini tope lake ni dogo mno. Udongo huu ukichomwa huwa wa kahawia au mwekundu, na mfinyanzi aliuchanganya na makapi yaliyokatwakatwa ili usipasuke motoni. Wa pili ni udongo wa chokaa, unaochimbwa pembezoni mwa jangwa, hasa pande za Qena. Huo ukiiva huwa mweupe wa maziwa au una ukijani kwa mbali. Ule wekundu mkali unaouona kwenye vigae vya laana mara nyingi ni ngeu, yaani udongo mwekundu wa kupakia rangi: chombo kilipakwa maji ya ngeu kikiwa hakijakauka kabisa, na vyombo vizuri vilisuguliwa kwa kokoto laini mpaka vikang'aa. Ufundi huo wa kusugua ni mkongwe kuliko mafarao. Makaburi ya Badari, ya miaka ya 4400 hadi 4000 KK, yametoa bakuli jembamba kama ganda la yai, jekundu linalong'aa, na mdomo wake mweusi tititi kama umechovywa kwenye masizi. Lilichomwa namna ambayo hewa haikuufikia mdomo. Nilipolishika la aina hiyo mara ya kwanza nilihofia pumzi yangu.

Gurudumu la mfinyanzi linaonekana wakati wa nasaba ya 5, ule ukoo wa wafalme aliotoka Unas, likizungushwa polepole kwa mkono, na wanaolizungusha katika michoro ni wanaume, tofauti na kwa Wapare au Wakisi wa Ziwa Nyasa ambako chungu ni kazi ya mwanamke. Heshima haikuwepo. Maandishi moja ya shule ya Ufalme wa Kati, yaliyotungwa kuwashawishi vijana waende kusomea uandishi, yanamdhihaki mfinyanzi kwamba amefunikwa na udongo ilhali bado yu hai, na anafukua tope kuliko nguruwe. Katika Chicago kuna sanamu ndogo ya mfinyanzi kutoka Ufalme wa Kale, enzi ya piramidi kubwa, amechuchumaa mbele ya gurudumu lake, mbavu zinahesabika. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga wetu walisema, na mchongaji wa sanamu ile alikuwa ameliona jambo hilohilo.

Lakini watu haohao walipotaka kueleza binadamu anatoka wapi, walimchagua mfinyanzi. Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, bwana wa Elephantine pale Aswan, huketi kwenye gurudumu na kumfinyanga kila mtu kabla hajazaliwa. Kwenye hekalu la malkia Hatshepsut pale Deir el-Bahari amechongwa akiwa kazini: juu ya gurudumu kuna watoto wawili wanaofanana kabisa, mmoja Hatshepsut, mwingine ka yake, yaani ule uhai pacha unaokwenda na mtu na kubaki baada yake. Shika picha hiyo. Ikiwa mtu ni kitu cha udongo kilichofinyangwa, basi kuandika jina la mtu kwenye chungu na kukipasua ni kumrudisha kwenye gurudumu na kumharibu pale. Maelezo haya yangu si agizo lililoandikwa mahali, ila ndivyo ninavyoona vitu hivi viwili vikigusana.

Tuache kuvunja, tuje kwenye kumimina, kwa sababu kazi kubwa zaidi ya vyombo vya ibada ilikuwa hiyo. Umbo maarufu kuliko yote ni hes: mtungi mrefu, mabega mapana, kiuno kinachokwenda kikisinyaa kisha kitako kinachanua tena chini, wakati mwingine una mdomo wa kumiminia kama wa birika. Ulitengenezwa kwa udongo, shaba, hata dhahabu. Picha yake ilikuwa pia alama ya maandishi, na neno lililoandikwa kwa alama hiyo ni kusifu, kupendelea. Marehemu aliyepokelewa vizuri aliitwa msifiwa, na jina lake hilo lilianza na picha ya mtungi wa maji. Kuna na nu, kijungu cha mviringo kama chungwa: katika sanamu nyingi mfalme amepiga magoti akishika viwili, kimoja kila kiganja, vya divai au maziwa. Hatshepsut ana sanamu kadhaa za namna hiyo, na baadhi ziko New York. Mtawala wa nchi nzima, magotini, na mikononi mwake vijungu viwili tu.

Maji yaliyomiminwa yaliitwa kwa neno lenye maana ya ubaridi. Nchi ya joto na vumbi, marehemu analala jangwani ng'ambo ya mto, na anachotamani kwanza ni maji baridi. Wakati wa wafalme wa Kigiriki, pale Thebes, Luxor ya leo, palikuwa na watu ambao kazi yao kamili ilikuwa kuwamiminia maji wafu wa watu wengine kwa malipo. Mikataba yao imebaki. Makaburi waliyoyahudumia waliyarithisha watoto, waliyagawana, waliyauza, kama mtu anavyorithisha shamba la minazi.

Na ukitaka kuona kumimina na kutoa kulikozidi kipimo, nenda Abydos. Huko wamezikwa wafalme wa kwanza kabisa wa Misri. Karne nyingi baadaye watu walishika imani kwamba kaburi la mmojawapo, mfalme Djer, ni kaburi la Osiris mwenyewe. Mahujaji wakaja kizazi baada ya kizazi, wakaacha vijibakuli vya sadaka. Vikarundikana. Leo mahali hapo Waarabu wanapaita Umm el-Qa'ab, mama wa vyungu, na ukitembea pale unakanyaga vigae kila hatua, vilima vizima. Vingi ni vya ovyo, vimefinyangwa haraka, vina alama za vidole. Hapa ndipo swali lako la jikoni na ibada linapojibiwa wazi kuliko popote. Ukilichukua bakuli moja la Umm el-Qa'ab ukaliweka mezani pako bila kuambiwa lilikotoka, utaliona chombo cha bei rahisi. Palepale jangwani, kati ya ndugu zake mamilioni, ni dua ya mtu.

Kuna mabakuli mengine ya bei rahisi ninayoyapenda kuliko mitungi yote ya alabasta. Ni yale yaliyoandikwa barua kwa wafu. Mtu mwenye shida alichukua bakuli la kawaida, akaliandika kwa wino, akalipeleka kaburini, na inadhaniwa lilijazwa chakula ili marehemu, akija kula, akutane na maneno. Bakuli la Qau, lililoko London, lina barua mbili za mtu aitwaye Shepsi. Ndani amemwandikia baba yake, nje amemwandikia mama yake. Analalamika kwamba anadhulumiwa ilhali hakufanya kosa, na anamshuku marehemu ndugu yake, Sobekhotep. Kwa mama anaanza na ukumbusho: uliniambia nikuletee kware ule, nikakuletea kware saba, ukala. Saba. Amewahesabu. Anamwambia mama yake aliyekufa, kwa heshima yote, kwamba mwana aliyemletea kitoweo hastahili kutendewa hivi mbele ya macho yake.

Bakuli jingine liko Cairo. Mwanamke aitwaye Dedi anamwandikia Antef, mume wake aliyekuwa kuhani. Mtumishi wao wa kike, Imiu, anaumwa. Mbona humpiganii usiku na mchana dhidi ya wanaomdhuru? Huyu ndiye anayeshikilia nyumba yako, unataka kizingiti chako kiwe ukiwa? Mpiganie, ili nyumba isimame na wewe umiminiwe maji. Umeliona sharti hilo la mwisho? Wafu wanahitaji maji, walio hai wanahitaji ulinzi, na kati yao kuna bakuli. Yeyote aliyekulia mahali ambapo watu hutambika ataielewa barua ya Dedi bila mkalimani.

Kuhusu ile mitungi minne yenye vichwa, ambayo bila shaka uliiona kwenye chumba hichohicho, nitasema kwa ufupi kwa sababu imesemwa sana. Ilihifadhi viungo vya ndani vya marehemu, kila mmoja chini ya mwana mmoja wa Horus: Imsety mwenye kichwa cha mtu alilinda ini, Hapy mwenye kichwa cha nyani mapafu, Duamutef wa mbweha tumbo, Qebehsenuef wa kozi utumbo. Jina la mitungi ya kanopi ililopewa na wasomi wa Ulaya ni kosa la zamani, limetokana na mji wa Canopus karibu na Alexandria ambako Osiris aliabudiwa kwa umbo la mtungi wenye kichwa. Vichwa vya wanyama vyenyewe vilienea kwa kuchelewa, wakati wa nasaba ya 19. Kabla ya hapo vifuniko vilikuwa vya kichwa cha mtu, na awali zaidi vilikuwa vifuniko vitupu. Kuanzia nasaba ya 21 viungo mara nyingi vilirudishwa mwilini, lakini baadhi ya familia ziliendelea kuweka mitungi kaburini, mitupu, mingine haina hata tundu la kutosha ndani.

Waliouandaa mwili walitumia vyombo vingi zaidi, na hivi havina vichwa wala uzuri. Mwaka 1907, katika Bonde la Wafalme, wachimbaji wa Mmarekani Theodore Davis walikuta shimo lenye mitungi mikubwa iliyojaa mifuko ya magadi, vitambaa, mashada ya maua yaliyokauka, mifupa ya ndege na nyama, na vyombo vya udongo vilivyovunjwa. Davis hakuona thamani. Ni Herbert Winlock, mtaalamu wa Misri ya kale aliyeshughulikia vitu hivyo baada ya kufika New York, aliyetambua kwamba ni mabaki ya maandalizi na karamu ya mazishi ya Tutankhamun, miaka mingi baada ya shimo kufunguliwa. Kilichogusa mwili wa mfalme hakikutupwa jalalani. Sahani za chakula zilivunjwa, zikatiwa mitungini, zikazikwa, kama nilivyokueleza hapo juu.

Na Saqqara, mwaka 2016, kundi la Mmisri Ramadan Hussein lilifukua karakana ya kuandalia maiti ya nasaba ya 26, kati ya 664 na 525 KK. Vyombo vyake vilikuwa na maandishi: cha kupaka kichwa, cha kuosha, hiki kina antiu. Wanakemia wakachunguza masalia ya ndani ya vyombo 31, matokeo yakatoka mwaka 2023. Neno antiu tulizoea kulitafsiri manemane au ubani. Ndani ya vyombo vile antiu ilikuwa mchanganyiko wa mafuta ya mwerezi, mafuta ya mreteni au mvinje, na mafuta ya wanyama. Vingine vilikuwa na utomvu wa miti ya misitu ya Asia ya Kusini Mashariki. Tafsiri ya zaidi ya karne nzima ilisahihishwa na uchafu uliobaki kitakoni mwa bakuli. Kwa hiyo ukimwona mtu anasugua kigae cha kale ili king'ae, mzuie.

Ukirudi kwenye lile kabati, usianze na maelezo ya ukutani. Tafuta kwanza kama wameandika vigae vilichimbwa wapi, au wameandika tu mwaka viliponunuliwa: vya Mirgissa vinakueleza kitendo, vya dukani vinakueleza maneno peke yake. Kisha inama uangalie ukingo wa kigae, pale wino unapokutana na mpasuko. Kama mpasuko umepita katikati ya herufi, nusu huku na nusu kwenye kipande cha pili, basi jina liliandikwa chombo kikiwa kizima. Halafu hesabu ni majina mangapi yamekatwa hivyo, uniandikie.